TAHADHARI: Rupia ya Mjerumani "inayovuta mchele" na ramani ya hazina ya babu

Wakuu, mchezo wenyewe ni huu. Dalali anakuja na habari za babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, akazika sanduku la rupia, sarafu za enzi hizo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Anatoa rupia moja, anaisogeza kwenye sahani, punje za mchele zinaiganda, eti ndiyo dalili kwamba ni ya thamani. Mteja Mwarabu yupo mjini na mamilioni yake, ila kwanza wewe utoe "hela ya kipimo", yaani ya kuipima rupia. Ukishatuma, namba haipatikani.

Madini ya fedha (silver) hayavuti mchele. Punje zikiganda, zimepakwa unga wa chuma na sumaku imefichwa. Leta mchele wako kutoka dukani uone onyesho litakavyoahirishwa.

Rupia halisi ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30, na fedha ndani yake ni asilimia 91.7. Uzito ukilingana usishangilie bado. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ya sonara, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa kitako. Mizani isome karibu gramu 1.1. Ikisoma 1.3 au zaidi, hiyo ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha.

Hakuna rupia ya Mjerumani ya kabla ya 1890. Za mpaka 1902 zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Kuanzia 1904 zina jina la koloni, Deutsch Ostafrika. Ya dhahabu ni ya rupia 15 peke yake, ya Tabora, 1916, yenye tembo. Rupia moja ya dhahabu? Imechovywa rangi ya dhahabu tu.

Ramani nazo zinajiumbua. Ikiandikwa 1912 huku nchi ikiitwa Tanganyika, achana nayo: nchi ilipewa jina hilo 1920, chini ya Mwingereza. Babu naye aulizwe alikuwa wapi na lini. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, sasa sanduku la Mjerumani "lililozikwa Tabora 1917" lilizikwa na nani? Mafaili ya utawala wa Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; mengi ni ya Kijerumani, tafuta anayeyasoma.

Kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ndiyo maana dalali anasisitiza usimwambie mtu. Aliyekwishatuma hela asifute ujumbe wa muamala. Apige simu kwa mtandao wake leo hii, kisha aende polisi na ujumbe huo.