Kama unaendesha klabu ya saifai na fantasia chuoni, anza na hii SRD ya bure

Wadau wa klabu za vyuo, hii ni kwa ajili yenu. Naongoza klabu ya kusoma saifai na fantasia (hadithi za sayansi ya kubuni na za miujiza) chuoni hapa Dar na nimeona nitoe mapitio ya kitu ambacho kimetubeba kuliko vyote, nacho ni SRD, yani lile faili la sheria za gemu ya Dungeons & Dragons ambalo kampuni ya Wizards of the Coast wanalitoa bure. Sio app wala kitabu cha dukani, ni PDF tu, toleo la 5.1 lina kurasa 403, unalishusha mara moja unalirusha kwenye grupu la WhatsApp na kila memba anakaa nalo kwenye simu hata bando likimwishia.

Kwa wasioijua, D&D ni gemu ya mezani iliyotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja wenu anakuwa msimulizi, anaeleza mko wapi na kinatokea nini, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inaamua. Basi. Mengine mtayajua mkishaanza kucheza.

Sasa shida ya klabu ya kusoma chuoni kila aliyewahi kuongoza anaijua. Mnachagua kitabu, nakala ziko mbili, hamjakaa sawa test zimeanza, siku ya kukutana waliosoma hawafiki watano na waliobaki wananyamaza au wanaacha kuja kwa aibu. Kwenye meza ya D&D hakuna anayekuja na deni la kurasa. Mtu wa mwaka wa kwanza anaingia leo hajui lolote, anapewa karatasi ya mhusika iliyojazwa tayari, na muda si mrefu yuko anabishana na mlinzi wa geti la sultani. Halafu, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, wale wale ndio baadae wanakuja kuazima vitabu kwenye boksi la klabu, kwa sababu wameshaonja na wanataka zaidi.

Kampeni yetu kubwa, yani hadithi tunayoiendeleza kikao hadi kikao, tumeiweka Kilwa Kisiwani karne ya 14, Husuni Kubwa ikiwa bado jumba la mfalme juu ya mwamba, dhahabu ya Sofala inapita bandarini, na usiku kuna mambo yanatembea ambayo watu wa mji hawayataji. Kuna jioni dada mmoja wa uhandisi, mhusika wake mpiganaji, anakimbizwa juu ya mapaa, akasema naruka uchochoro niangukie paa la pili. Msimulizi akampa 15 ya kufikisha. Karusha dadu ya pande 20 ikatoka 9, nguvu zake zinampa 3, ujuzi wake 2, jumla 14. Meza nzima imesimama. Imepungua moja tu! Msimulizi hakumuua, akamwambia umeshika ukingo kwa vidole, chokaa inamomonyoka, upanga umeshaanguka chini wanakopita walinzi. Palepale kaka mmoja ambaye tangu aanze kuja alikuwa hafungui mdomo akasema, mimi namtupia kilemba changu ashike. Tangu siku ile yule kaka hanyamazi na mwaka huu ndiye katibu wetu.

Hiyo hesabu ya dadu ya 20, kujumlisha unachokiweza, kulinganisha na namba ya kufikisha, ndiyo roho ya sheria zote. Kurusha ngumi, kupanda ukuta, kumdanganya kadhi, vyote vinapita njia hiyo hiyo, ndo maana nasema mtu anaishika haraka.

Wengi watauliza kwa nini mtu ahangaike na SRD wakati vitabu kamili vya wizi vimejaa kwenye magrupu. Jibu ni leseni. Tangu tarehe 27 Januari 2023 SRD 5.1 iko chini ya Creative Commons, leseni za wazi zinazoruhusu watu kutumia kazi bure, ile ya CC BY 4.0. Kabla ya hapo ilikuwa inatumia leseni inaitwa OGL, ya mwaka 2000, halafu mwanzoni mwa 2023 ikavuja rasimu ya kuibadilisha, wachezaji na wachapishaji wadogo wakaja juu kwelikweli, mwisho kampuni ikarudi nyuma na kuliachia faili zima. Na ukishatoa kitu kwa leseni hii huwezi kuirudisha. Maana yake klabu inaweza kutoa kopi, kukatakata, kutafsiri, kuandika kampeni yake na hata kuiuza, sharti mweke ile sentensi ya kuwatambua wenye kazi, imeandikwa mwanzoni kabisa mwa faili, mnainakili kama ilivyo. Jina la Dungeons & Dragons na nembo yake havimo kwenye ruhusa, kwa hiyo msichapishe fulana. Lakini kwa klabu inayotaka kutoa kijitabu chake na kukiweka mezani kwa patroni bila wasiwasi, hakuna kitu kingine cha bure nilichokiona kinachofika hapa.

Mapungufu yapo na ni ya kweli. Limeandikwa kama kitabu cha kurejea, sio cha kumfundisha mtu, ukimpa mgeni akaanza ukurasa wa kwanza utampoteza. Aina za wahusika ziko 12 lakini kila moja imepewa tawi moja tu la kukua, na maisha ya nyuma ya mhusika ni mfano mmoja, yule wa hekaluni, mengine mnatunga wenyewe (sisi tuna nahodha wa jahazi, mfinyanzi, mwanafunzi wa madrasa, na wamenoga). Kumtengeneza mhusika hatua kwa hatua toleo la 5.1 halikusaidii, hapo tafuteni Basic Rules, nayo ni bure, au chukueni SRD mpya ya 2025, namba 5.2, ambayo ina sura nzima ya kutengeneza mhusika na iko kwenye leseni ile ile. Klabu inayoanza leo nashauri iende na hiyo mpya, sisi tumebaki na 5.1 kwa sababu kopi tunazo na meza zimeshaizoea. Ila msichanganye matoleo mawili kwenye meza moja, mtagombana.

Upande wa viumbe ndio nimeridhika kabisa. Wamo zaidi ya 300, na kwa mtu wa pwani ni raha, majini wamo, ifriti wamo, halafu kuna fisi, mamba, papa, simba, tembo, vyote vina namba zake tayari, kwa hiyo kampeni ya Kilwa inajengeka bila kubuni mnyama hata mmoja. Angalizo, jini wa humo ni kiwango cha ugumu 11, ukimleta kwa wahusika wa levo ya kwanza umeifunga kampeni jioni hiyo hiyo. Mpeni aongee tu, awape kazi, asipigane.

Kuhusu kopi, msitoe kurasa zote 403, steshenari hata ikiwafanyia shilingi 50 ukurasa ni zaidi ya elfu 20, na zaidi ya nusu ya kurasa hizo ni maneno ya uchawi na viumbe, vitu ambavyo si kila mchezaji anavihitaji. Toeni za mapigano, za kutumia uwezo, na za vifaa na bei zake, fungeni vijitabu, kimoja kwa kila meza. Vile vitabu vitatu vya msingi vya dukani ni kama dola 50 kimoja kabla hata ya usafiri, subirini siku mtakayopata mfadhili. Dadu za pande 20 madukani ni za kutafuta sana, mbadala ni vikaratasi 20 vyenye namba kwenye mfuko, unachomoa unarudisha unatikisa, uwezekano ni ule ule na hakuna simu mezani ya kumtoa mtu kwenye hadithi.

Kitu ambacho faili halitawaambia ni kwamba msimulizi anachoka. Meza nzuri ni watu wanne au watano, mkifika kumi na tano mnahitaji wasimulizi watatu, na ukimwachia mmoja kila wiki atapotea bila kuaga. Zungusheni, kila kisa kiishe jioni moja, na UE (mitihani ya mwisho wa semista) zikikaribia simamisheni meza zote, boom (hela ya mkopo) wala kampeni havimsaidii mtu aliyesapu, yani aliyefeli akabaki na mtihani wa marudio. Na mkisikia watu wanasema huko ni kucheza na mashetani, Marekani yalisemwa hayo hayo miaka ya 80, msibishane nao, waiteni wakae waone jioni moja. Mlezi wetu alikaa, akaomba mhusika.

Nyota nne kati ya tano natoa, na hiyo moja ni ya lugha. Wizards wenyewe wameshatoa tafsiri za Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania, Kiswahili bado, na leseni inaturuhusu kuifanya wenyewe. Klabu yetu imemaliza kurasa za mapigano na vifaa, maneno ya uchawi hatujayagusa na ni mengi sana. Klabu ya Dodoma, Morogoro, Mombasa, Nairobi, popote mlipo, mkichukua hata herufi moja moja ya orodha ya yale maneno ya uchawi tuambiane tusirudie kazi.