Biro nyepesi ya Linux kwa mashini ya zamani: nilijaribu ine, hii njo nilibakisha

Muko aje ba ndugu na ba dada. Ku meza hapa niko na mashini mbili, muziangalie vizuri. Hii nyeusi kubwa ni Dell Latitude E5400, Core 2 Duo, RAM 2 giga, disiki ya kuzunguka, haiko SSD. Hii ndogo ni ThinkPad X220 yenye RAM 4 giga. Zote mbili zilinunuliwa okazio kule Birere na zote mbili wenyewe balitaka kuzitupa.

Juu kila wiki batu bananiletea swali moja tu: mashini imekuwa nzito, Windows 10 waliiacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inaikatala juu haina TPM 2.0, kile kipande cha usalama mu mashini, sasa niuzishe? Usiuzishe. Ingiza Linux, sistemu ya bure yenye inashika nafasi ya Windows, lakini uchague biro vizuri, na leo njo tunaongelea ile biro.

Nikisema biro, ni ile yote unaona kisha kuandika modepasi: barre ya chini, menyu, madirisha, na ile inakufungulia madosie. Kwa Windows unapewa moja unaizoea. Kwa Linux, biro ni kama nguo, mashini inabaki ileile, unaivulisha hii unaivalisha ingine. Na unaweza kuziweka zote pamoja, kwa Debian, aina moja ya Linux, unaandika tu apt install lightdm gnome-core xfce4 lxqt icewm, ikikuuliza nani atafungua mulango unachagua lightdm, kisha pale penye unaandikia modepasi kuko kaalama kadogo ka sesio, unaklike pale unachagua yenye unataka kujaribu. Njo vile nilifanya ku hii Dell, Debian 12, disiki moja, biro ine, ili mutu asiseme nililinganisha mashini tofauti.

Kila biro niliiwasha, nikangoja dakika mbili bila kugusa kitu, nikafungua terminali nikaandika free -h, komandi ya kuonyesha RAM ngapi imeshatumika. Muangalie ku ekra. GNOME: giga moja na kidogo, ku mashini ya giga mbili, yaani nusu ya nyumba imeshajaa na mugeni hajaingia. Na kutoka ku modepasi mpaka suri inaanza kunisikia ni sekonde 50. XFCE: mega 560, sekonde 18. LXQt: mega 470, sekonde 14. IceWM: mega 210, sekonde ine tu, ukifumba macho ukifumbua imeshafika. Ku mashini yako nambari zitabadilika kidogo, ila yenye iko mbele itabaki mbele na ya nyuma itabaki nyuma.

Mutu mwenye anaangalia nambari tu atasema IceWM imeshinda tumalize vidiyo. Mimi pia njo vile nilisema. Yaya yangu iko na sekretaria, anapigia batu matefese (TFC, ile kazi ya kumaliza masomo), anafanya fotokopi, anatosha makaratasi ku emprimante, na hii Dell njo mashini yake ya kazi. Nikamuwekea IceWM siku ya yenga, nikaenda nyumbani na furaha, juma tatu asubuhi saa tatu simu inalia. «Mudogo wangu, flashi ya huyu papa iko wapi?»

Flashi ilikuwa imechomekwa, kataa kake kanawaka, lakini ku ekra hakuna kitu. Juu IceWM kazi yake ni kusimamia madirisha: inafungua, inafunga, inasogeza, inakupa barre na menyu, inaishia pale. Hakuna kitu mu ndani yake chenye kinangoja flashi ichomekwe ili ikufungulie. Nikaanza kumusomea yaya komandi ya mount, ile ya kufungua flashi kwa mukono, kwa simu, herufi kwa herufi, na huyu papa amesimama pale na tefese ya mutoto wake yenye ilikuwa inapaswa kudepozewa siku ileile, mwishowe akatosha flashi yake akaenda ku sekretaria ya jirani. Yaya hakunigombeza hata kidogo, na ile njo iliniuma zaidi.

Kwa hiyo leo sipimi tena kwa free -h peke yake. Ninachomeka flashi, ninatosha umeme ku ukuta, ninaangalia mutu mwenye hajui Linux anafanya nini.

XFCE ilipita yote. Unachomeka flashi, alama yake inatokea, unaklike, Thunar, ile programu yake ya madosie, inafungua, na pembeni ya jina kuko kaalama ka kuitosha ili fishie zisiharibike. Umeme ukienda, inakuonyesha batri imebaki ngapi, na unaweza kuiambia batri ikifika ku kritike ilaze mashini yenyewe, na kwa sisi benye batri yetu inashika dakika kumi tu, ile haiko kitu kidogo. Ni biro ya zamani, Olivier Fourdan aliianza 1996, na inatembea polepole: 4.18 ilitoka Desemba 2022, 4.20 ikatoka Desemba 2024, miaka mbili kati yake, na ukizifungua zote mbili menyu iko palepale penye uliiacha. Kuko batu banaona ile ni ubaya. Mimi ninaona ni heshima kwa mutu wa kazi, yaya haana wakati wa kutafuta kila mwaka bouton ilihamia wapi.

Kitu kimoja ubadilishe mara moja kisha kuinstale: ingia mu reglaje, tafuta Peaufinage des fenêtres, kipande cha Compositeur, utoshe ile alama. Vivuli vya madirisha vitapotea, na ku mashini yenye karte grafike ya zamani kama hii utaona madirisha yanasogea bila kukwamakwama. Na wale benye banapenda kuchunga mega, banafanyaka telesharjema usiku juu forfait ya usiku njo inafaa, kisha banaongeza --no-install-recommends ili ishuke kidogo: muangalie sana, ile inaachaka gvfs na thunar-volman inje, na bila ile mbili flashi haitokee, unarudia palepale penye mimi nilianguka. Ukishaifanya, andika apt install gvfs thunar-volman, utoke, uingie tena.

LXQt nayo ni nzuri, sitaki mutu aseme niliichukia. Inatokana na LXDE, biro ya Hong Jen Yee wa Taiwan, ikaungana na biro ingine, Razor-qt, na Lubuntu, Ubuntu ile nyepesi, inaitumia tangu 18.10. Flashi inaiona, madosie inafungua vizuri, na kama programu zako zimejengwa na Qt, vyombo vilevile vya LXQt, mufano VLC, zinakaa pale kama ziko nyumbani. Lakini inanipa nini zaidi ya XFCE? Mega 90. Firefox ikifungua kurasa mbili tatu imeshazikula zote. Ukiwa umeshaizoea ubaki nayo, ila usihame juu ya mega 90.

MATE sitaikawiza, ni GNOME 2 yenye batu walikatala kuiacha wakati GNOME 3 ilitoka 2011, iko nzito kidogo kupita XFCE, ku X220 inatembea bila shida. Mutu mwenye alijifunza ku Ubuntu ya zamani ataipenda.

Na IceWM siitupe. Kama mashini yako iko na giga moja, ao ni ya biti 32, uko na njia mbili tatu tu, juu Debian 13 haina tena disiki ya kuinstale ya biti 32. Pale chukua antiX, Linux ya mashini za zamani, wenyewe bameshaipanga IceWM na madosie na flashi na kila kitu, huanzi ku sufuri kama vile mimi nilianza.

Sasa kitu chenye batu habapendi kusikia: biro ikisha kuwa nyepesi, mwenye anakula RAM ni navigateri. Ku hii Dell na XFCE, nikifungua Facebook, WhatsApp ya web na YouTube pamoja, giga mbili inaisha, disiki inaanza kulia krrr krrr, na hakuna biro ya dunia hii itanisaidia. Weka zram-tools, inabana bintu mu RAM mbele haijaenda ku disiki, utaona nafuu ya kweli. Na ukipata dola za kununua kitu kimoja tu, nunua SSD ndogo mbele ya yote.

Ao kwanza ufungue mashini. Hii Dell mbele ya kuiinstale niliitosha feni, mu ndani kulikuwa blangeti ya vumbi nyeusi ya volkano, ile yetu ya Goma, nene kama kidole. Feni ikizibwa processeri inapata moto na inajipunguza mwendo yenyewe, kisha mutu anasema Linux iko nzito.

Yaya leo anatumia XFCE, barre moja chini, menyu ku kushoto, alama kubwa ya dosie ya matefese. Juma ine nilipita pale, akachomeka flashi tatu za batu tatu bila hata kunigeukia.

Muandike hapa chini modeli ya mashini, RAM ngapi, na ni nani atakaa mbele yake. Ile ya tatu musiisahau, juu bila ile sitaweza kukuambia uchague gani.