Delroy Wilson: Sauti Iliyokua Mbele ya Kinasa Sauti

Watazamaji wangu, karibuni. Leo sichambui santuri moja pekee, bali kazi ya mwimbaji wa Jamaika ambaye naamini hajapewa haki yake, Delroy Wilson, pamoja na rekodi zake zinazostahili fedha zenu.

Wilson alizaliwa Kingston tarehe 5 Oktoba 1948, na alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 13, alipoanza kurekodi kwa mtayarishaji Clement Dodd, maarufu kwa jina la Coxsone. Enzi hizo watu walicheza ngoma za spika kubwa viwanjani, na wenye mitambo hiyo waligombea wateja kwa ukali kiasi kwamba wimbo mpya ulikuwa silaha. Mwanamuziki Prince Buster aliwahi kufanya kazi upande wa Dodd, mmoja wa wenye mitambo hiyo, kabla ya kuanzisha mitambo yake mwenyewe, na Lee Perry, ambaye wakati huo alikuwa chini ya Dodd, akatunga wimbo wa vijembe uitwao "Joe Liges" ili kumchoma Buster. Aliyepewa kazi ya kuvirusha vijembe hivyo alikuwa mtoto, Wilson. Isikilizeni rekodi hiyo ya mwaka 1963: sauti ni nyembamba na ya juu, lakini haitetereki, na kila neno linatamkwa kwa ujasiri wa mtu aliyetumwa ujumbe na hataki upotee njiani.

Wasanii wengi wa utotoni huishia hapo, kwa sababu sauti ikishabadilika wasikilizaji nao huondoka. Wilson alikua huku akirekodiwa, na ndiyo maana kazi yake ya miaka ya sitini inanigusa kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1966, ska, muziki wa dansi wa Jamaika wenye mwendo wa kasi, ilipokuwa ikipunguza mwendo na kuwa rocksteady, mtindo wa taratibu uliotangulia reggae, alitoa "Dancing Mood", na humo unamsikia mtu mwingine kabisa: sauti imeshuka, imepata joto, na haina haraka. Angalieni anavyochelewa kidogo nyuma ya mpigo, kisha anaufikia bila kuonekana kukimbia. Dennis Brown, mwimbaji wa reggae wa Jamaika ambaye sifa zake hazihitaji maelezo yangu, alimtaja Wilson kuwa miongoni mwa walioyaathiri maisha yake ya uimbaji, na ukizisikiliza rekodi zao kwa kufuatana huhitaji kuambiwa mara mbili.

Mwaka 1971, akiwa na mtayarishaji Bunny Lee, alitoa "Better Must Come", wimbo wa mtu aliyejaribu kwa muda mrefu bila kufanikiwa na bado anasubiri nafuu. Chama cha siasa cha Jamaika, PNP (People's National Party), kilichoongozwa na Michael Manley, kiliutumia katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 1972, kikashinda, na tangu hapo wengi wameukumbuka kama wimbo wa siasa. Nadhani kumbukumbu hiyo imemdhulumu, kwani anavyouimba ni malalamiko ya mtu mmoja, ya chini kwa chini, wala si hotuba ya jukwaani.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Wilson alifanya kazi na watayarishaji wengi, na mikusanyo ya nyimbo zake ni mingi kupita kiasi. Niliwahi kununua mmoja wenye jalada la kupendeza, nikakuta nyimbo nilizozitafuta zimerekodiwa upya miaka mingi baadaye, kinanda cha umeme kimefunika kila kitu na sauti yenyewe imechoka. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, someni jina la mtayarishaji na mwaka wa kurekodiwa. Ikiwa havikuandikwa, rudisheni rafuni. Kwa kazi za miaka ya sitini tafuteni jina la Dodd na studio yake ya Studio One. Kwa mwanzo wa miaka ya sabini, Bunny Lee.

Kasoro yake ninayoikubali ni kwamba alitegemea sana nyimbo za wengine, na baadhi ya chaguo hizo hazikumfaa. Hata hivyo, albamu ya "Sarge" ya mwaka 1976, iliyotayarishwa na Lloyd Charmers, ina "I'm Still Waiting" ya Bob Marley, na humo Wilson anaimba kama mwenye wimbo. Nunueni hiyo kwanza, kisha rudini nyuma hadi kwa yule mtoto wa "Joe Liges".