Vita na Amani: miezi mitano na kitabu kimoja

Nimemaliza Vita na Amani, kitabu cha hadithi cha Mrusi Leo Tolstoy kuhusu Urusi wakati wa vita vya Napoleon, Jumapili alfajiri, zamu ya usiku ikielekea ukingoni. Nilikianza mwezi wa pili. Badala ya kukifunga nikarudi ukurasa wa kwanza, kwenye ile hafla ya Anna Pavlovna mwaka 1805, nikamtazama tena Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, anavyoingia sebuleni, mnene, na miwani yake, hajui la kusema wala la kunyamazia. Ilikuwa kama kutazama picha ya harusi ya wazazi wangu. Mimi najua yote yatakayomfika, yeye bado.

Nakala niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Tanga kwa shilingi 7,000. Ni tafsiri ya Kiingereza ya Louise na Aylmer Maude, mke na mume walioishi Urusi miaka mingi na kufahamiana na Tolstoy mwenyewe. Kiingereza chao kimenyooka. Kilichonichosha ni uchapaji: herufi ndogo kama za karatasi ya maelezo ya dawa, na gundi ya mgongo ikaachia kabla sijafika katikati, nikashona kwa uzi. Ukiweza, tafuta iliyogawanywa majuzuu mawili, tena yenye orodha ya wahusika. Orodha yangu niliiandika mwenyewe nyuma ya daftari, kwa sababu kila Mrusi ana jina lake, la baba, la ukoo na la kudekezwa. Natasha ndiye huyohuyo Natalya Ilyinichna, yaani Natalya binti Ilya. Ukishaliona hivyo, sisi wa bin na binti hatupati tabu.

Kurasa mia za mwanzo ni nzito, watu wanaingia na kutoka sebuleni, na nilikwama mara mbili. Kilichonivusha ni mwanajeshi Andrei Bolkonsky kule Austerlitz, kwenye vita dhidi ya Napoleon, ameanguka chali, mapigano yanaendelea pembeni yake, naye anaiona mbingu kana kwamba hajawahi kuinua macho. Baadaye kuna mwaloni. Anaupita msituni mwanzo wa majira ya kuchipua, mzee, mkavu, miti mingine yote imeshavaa kijani, na anajiambia kwamba naye yuko hivyo, yake yamekwisha. Mwezi Juni anarudi njia ileile, anautafuta asiuone, kumbe ndio ule uliofunikwa majani anaoutazama. Katika kitabu cha kurasa 200 nisingekubali mtu abadilike upesi hivyo. Hapa nilikuwa nimeibeba huzuni yake wiki kadhaa, kutoka zamu hadi zamu, na majani yale yakawa yangu pia.

Lakini palipo moyoni mwangu ni pale Natasha anapomuuguza Andrei. Siku moja Andrei anamwambia hakuna wanaojua kuuguza kama yaya wazee wanaofuma soksi. Natasha anajifunza kufuma, anakaa kando ya kitanda na sindano zake. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na mmoja. Nimewaona wagonjwa wakitulia kwa sababu tu kuna mtu karibu, kimya, mikono yake ina kazi ndogo. Sijui kitabu kingine kilichoiona kazi yetu kwa karibu namna hiyo.

Sehemu ya pili ya hitimisho ni mjadala mtupu juu ya kinachoendesha historia. Niliisoma yote na sitairudia; kwamba amri ya Napoleon peke yake haiwezi kusukuma majeshi, Tolstoy ameshatuonyesha kwenye vita vya Borodino, mwaka 1812, vizuri kuliko hoja yoyote. Kwangu hadithi inaishia kabla ya hapo, kwa Nikolenka, mtoto wa Andrei, wa miaka 15, akiamka usiku, amemwota baba yake, anaapa atafanya jambo ambalo hata baba angeliridhia.

Mwenzangu wa zamu amekichukua juzi. Yupo ukurasa wa 90, daftari langu la majina analo, na ananiuliza kama Pierre atamwoa huyo Hélène. Nimemwambia asome.