Mpira kwenye televisheni Lubumbashi: dekoda ipi ununue, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Ukiingia dukani ukauliza "dekoda gani ni nzuri?", utauziwa ile iliyojaa stoo. Uliza hivi: mechi za nani, saa ngapi, kwa lugha gani, na siku SNEL ikikata umeme itakuwaje. Mpangilio ulio hapa chini umetoka kwenye maswali hayo manne. Lakini kabla ya majina ya dekoda, kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia.

La kwanza ni nani anayechagua mechi. Msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza una mechi 380. Waingereza wenyewe hawazioni zote: kuanzia msimu wa 2025/26, Sky ina mechi zisizopungua 215 na TNT Sports ina 52. Tena Jumamosi, kati ya saa 14:45 na 17:15 za kwao, ni marufuku kuonyesha mechi moja kwa moja, ili watu wasiache kwenda viwanjani. Marufuku hiyo haifiki kwetu. Mechi za saa 15:00 za London zinaanza Lubumbashi saa 17:00 wakati wa baridi yao, na saa 16:00 wakati wa joto yao, yaani kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba.

Tatizo ni kwamba mechi kadhaa zinaanza kwa pamoja, na chaneli kubwa itachukua Arsenal au Manchester United. Msimu wa 2025/26 Wakongo walikuwa na Yoane Wissa pale Newcastle, Noah Sadiki pale Sunderland na Aaron Wan-Bissaka pale West Ham. Mechi za timu kama hizo ndizo zinazosukumwa kwenye chaneli ya tatu au ya nne, ambayo kifurushi cha bei ya chini mara nyingi hakina. Kwa hiyo usiulize "kuna Ligi ya Uingereza?" Jibu litakuwa ndiyo kila duka. Uliza kifurushi hicho kina chaneli ngapi za michezo, na uandikiwe namba zake kwenye karatasi.

Ligi ya Mabingwa ya Ulaya imezidisha jambo hilo. Tangu 2024 ina timu 36, kila moja inacheza mechi 8 kabla ya mtoano, na usiku wa mwisho wa hatua hiyo mechi 18 zinaanza dakika moja. Hapo mwenye chaneli moja anapewa alichochaguliwa, basi.

Na saa! Matangazo mengi yanatoka Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mechi iliyotangazwa saa 20:00 bila kutajwa mji, kwetu huenda ni saa 21:00. Mechi za Ulaya za saa 21:00 za Paris tunaziona saa 21:00 wakati wa joto yao na saa 22:00 wakati wa baridi, maana yake zinaisha karibu na usiku wa manane. Mwenye kuamka alfajiri kwenda mgodini ajue hilo kabla ya kulipia kifurushi kikubwa.

La pili ni wachambuzi. Picha za Ligi Kuu ya Uingereza zinatengenezwa kwa pamoja na kugawiwa dunia nzima: kamera zilezile, marudio yaleyale. Unapochagua kampuni unachagua sauti na studio. Wengi wanaona vipande vya Thierry Henry, Micah Richards na Jamie Carragher wakicheka kwenye simu, wananunua dekoda, halafu wanawatafuta wasiwaone. Kipindi kile ni cha CBS Sports ya Marekani. Hakimo kwenye dekoda yoyote inayouzwa hapa. Canal+ itakupa Kifaransa, SuperSport ya DStv itakupa Kiingereza, na Azam itakupa Kiswahili. Kama baba anataka Kifaransa na vijana wanataka Kiingereza, bonyeza kitufe cha audio kwenye telekomande wakati wa mechi, kwani baadhi ya chaneli zinabeba sauti mbili. Jaribuni hilo dukani, si nyumbani.

1. Canal+

Kwa nyumba nyingi za Lubumbashi hii ndiyo ya kwanza. Kwa miaka kadhaa imebeba Ligi ya Uingereza na Ligi ya Mabingwa kwa nchi za Afrika zinazosema Kifaransa, mafundi wake wako kila komini, na abonema inalipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money bila kutoka nyumbani. Vifurushi vinapanda kutoka Access, na kadiri unavyopanda ndivyo chaneli za michezo zinavyoongezeka. Kosa la kawaida ni kununua seti ya promosheni, kufurahia kifurushi kikubwa cha mwezi wa zawadi, halafu kushangaa mwezi wa pili mechi ya Jumanne inapofungwa. Mwezi wa zawadi haukuonyeshi kitu utakachokuwa unalipia. Usipimie hapo.

Pima kwa mechi. Gawanya abonema ya mwezi kwa idadi ya mechi utakazokaa kuziangalia kweli. Ukilipa, tuseme, dola 24 na ukaangalia mechi 12, kila mechi ni dola 2. Ukiangalia 3 tu, kila moja ni dola 8, na kwa feza hiyo nganda (baa) ya jirani yenye skrini kubwa na chupa ya Simba baridi inakushinda mbali.

2. DStv

Kwa anayesikia Kiingereza na anayetaka chaneli nyingi kwa pamoja, SuperSport ina upana mkubwa: mechi za Jumamosi saa 17:00 zinagawanywa kwenye chaneli kadhaa, na unahama kutoka moja hadi nyingine. Haikuwa ya kwanza kwa sababu ya lugha, na kwa sababu kifurushi chenye mechi zote ni kile cha juu. Kumbuka pia kwamba Canal+ ilichukua MultiChoice, mwenye DStv, Septemba 2025. Kabla ya kutoa feza kubwa kwa dekoda mpya ya kampuni hii, uliza kwenye wakala rasmi ni vifurushi gani vinaendelea kuuzwa hapa nchini.

Zile dekoda zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na akaunti ya Zambia zina mtego. Akaunti iko kwa jina la mtu wa ng'ambo, inalipwa kwa kwacha, na kadi ikifungwa wakala wa Lubumbashi hana ruhusa ya kuifungua. Yule mtu akibadilisha namba ya simu, wewe umebaki na sanduku tupu.

3. StarTimes

Ni ya bei nafuu, inafaa nyumba ambayo mpira ni kitu kimoja kati ya vingi, kando ya filamu na katuni za watoto. Uliza tu ligi gani wanazo msimu huu, kwa maana haki huhama kila baada ya miaka michache na mabango ya zamani hubaki ukutani. Kuna ya antena na kuna ya parabole, yaani dishi la satelaiti. Ya antena inafungwa kwa dakika kumi, ila ukiwa mbali na mnara, picha inakatika vipande. Jaribu kwanza kwa jirani.

4. Azam

Wengine watashangaa kuikuta humu. Lakini tangu Fiston Mayele atoke Vita kwenda Yanga mwaka 2021, na Maxi Nzengeli amfuate kutoka Maniema Union mwaka 2023, ligi ya Tanzania imekuwa na Wakongo wa kutosha kumkalisha mtu wa Katuba mbele ya televisheni. Mtangazaji ni wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na mama mzee sebuleni naye anafuata. Tanzania iko mbele yetu saa moja: mechi ya saa 16:00 Dar es Salaam ni saa 15:00 hapa. Inashika nafasi ya nne kwa kuwa Ulaya yake ni ndogo na huduma baada ya kununua iko mbali. Ichukue kama dekoda ya pili.

Antena ya kawaida

Haina namba kwenye orodha maana kila nyumba inapaswa kuwa nayo. Timu ya taifa, Leopards, mara nyingi inaonyeshwa RTNC, televisheni ya taifa, bila abonema. Angalia nyuma ya televisheni au kwenye boksi: ikiandikwa DVB-T2, huhitaji kisanduku kingine, ni waya wa antena tu. Ikiwa ni T bila 2, nunua kisanduku cha T2. Herufi S2 ni ya parabole, msichanganye.

Simu na intaneti

Hesabu ni rahisi: megabiti moja kwa sekunde inakula karibu giga 0.45 kwa saa. Picha nzuri ya megabiti 3 kwa sekunde ni giga 1.35 kwa saa, na mechi pamoja na mapumziko ni saa mbili, kwa hiyo giga 2.7. Zidisha kwa bei yako ya giga uone. Ubaya mwingine ni kuchelewa: intaneti inakuja nyuma ya satelaiti kwa nusu dakika au zaidi, na jirani atapiga kelele za goli wakati mpira wako bado uko katikati ya uwanja. Programu ya kampuni ambayo tayari unalipia abonema yake ni nyongeza nzuri ukiwa safarini. Visanduku vya "chaneli zote za dunia kwa mwaka" tuviache: ni wizi wa matangazo, na seva zake huzimwa hasa usiku wa fainali, wakati unazihitaji.

Vifaa, ambako feza nyingi hupotea

Chukua parabole ya sentimita 90, si 60. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ya Lubumbashi inakula mawimbi, na parabole ndogo inazima picha mvua ikianza tu kunguruma, wakati kubwa inavumilia hadi iwe kali kweli. Waya uwe RG6 wenye moyo wa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, si shaba tupu. Usizidi mita 30 kati ya kichwa, kile kifaa kilicho mbele ya parabole, na dekoda. Konekta ya nje ifungwe kwa mpira wa kuzuia maji, na waya uachwe ukining'inia kidogo chini ya konekta ili maji yadondoke badala ya kuingia. Maji ndani ya konekta ndiyo sababu ya picha kupotea wiki moja baada ya fundi kuondoka.

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo parabole zetu zinatazama juu sana. Ya DStv, kwa satelaiti ya nyuzi 36 mashariki, inaelekea kaskazini-mashariki na kuinuka karibu nyuzi 73. Ya Azam, kwa nyuzi 7 mashariki, inaelekea kaskazini-magharibi kwenye nyuzi 62 hivi. Faida ni kwamba nyumba ya jirani haizuii kitu, na hata mwembe unaopita parabole ya Azam kwa mita 10 hausumbui ukiwa mita 6 mbali upande inakotazama. Hasara ni kwamba vumbi na majani ya mwembe yanatua ndani yake. Ipanguse mara kwa mara wakati wa kiangazi.

Fundi akimaliza, mwambie afungue ukurasa wa mawimbi. Kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu 85 na ubora 0 maana yake bado hajashika satelaiti sahihi, huenda ameshika nyingine. Ubora ukiwa chini ya 60 siku ya jua, mvua ya kwanza itakuzimia. Asogeze kidogo, azungushe kichwa kidogo, na asilipwe kabla mstari huo haujapanda.

Umeme: televisheni ya inchi 32 ya LED pamoja na dekoda hula wati 60 hivi. Mechi ya saa mbili ni wati-saa 120, na kwa upotevu wa inverta ni kama 140. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiishusha hadi nusu tu ili isife mapema, inatosha mechi nne. Weka stabilizata hata kama huna betri: umeme unaporudi baada ya delestaji huja na kishindo, na dekoda ndiyo hufa ya kwanza.

Dekoda ya mkono wa pili inunuliwe kwa wakala, si barabarani. Pelekeni namba ya kifaa pamoja na muuzaji, wathibitishe haina deni, wahamishe jina, ndipo utoe franga.

Kuhusu siku ya kulipa: usilipe dakika tano kabla ya mechi, kwani mtandao wa simu hulemewa na idhini inaweza kukawia nusu saa. Dekoda iwe imewashwa unapolipa. Ikiwa imezimwa, haipokei idhini hadi uiwashe. Wala usianze mwezi mpya mwanzoni mwa mapumziko ya timu za taifa ya Novemba au Machi. Utakuwa umelipia siku kumi hivi ambazo klabu hazichezi, na Ligi ya Mabingwa ikirudi, abonema yako itakuwa imekwisha karibu nusu.