Regulata ya 7805 niliyouziwa Birere: hasira bado haijapoa

Regulata hii, chipu ndogo ya miguu mitatu inayoshusha umeme hadi volti 5, niliinunua si zamani kwenye duka moja la vifaa vya elektroniki huku Birere, Goma. Mwenye duka simtaji, akisoma atajijua.

Mama mkwe ana kiredio kinachotaka volti 5, na kwake umeme unatoka kwenye betri ya sola ya volti 12. Hiyo ni kazi ya 7805 kabisa: mguu wa kwanza unapokea umeme, wa katikati unakwenda hasi, wa tatu unatoa volti 5 bila kuyumba, betri ipande ishuke, mradi tu isiende chini ya volti 7 hivi. Volti zinazozidi zinageuka joto. Kwa nusu ampea ni wati 3.5, ndiyo maana niliifunga kwenye bati la alumini, nikaweka na kondensata za kutuliza umeme huku na huku.

Kabla ya kuunga redio nilipima: volti 5 safi. Redio ikaimba kidogo, halafu harufu. Kugusisha multimeta kwenye mguu wa tatu: volti 12! Zimepita zote. Redio ikafa palepale, na mama mkwe akanyamaza. Afadhali angenifokea.

7805 ya kweli ikichemka kupita kiasi hujizima yenyewe, ikipoa inarudi kazini. Hii haikuzima kitu. Nikaifuta kwa pamba yenye alkoholi, maandishi yote yakatoka kama masizi ya sufuria: bandia.

Nikarudi dukani na pamba ileile. Jamaa hata hakuitazama. "Mzee, kama haujue umeme, peleka kwa fundi." Mbele ya wateja! Mimi ambaye mtaa mzima unaniletea redio!

Nilitaka kuandika kwamba regulata hizi ni takataka, watu wanunue zile moduli zinazoshusha volti kwa kukatakata umeme, hazichemki sana. Lakini nitakuwa naionea chipu. Moduli hizo nyingi zinatia kelele kwenye redio, 7805 inanyamaza kimya. Nimechomoa moja kwenye mashine mbovu ya zamani, ndiyo inayolisha kiredio kipya cha mama mkwe, nilichokilipa kwa pesa yangu. Bati linachemka, volti 5 ziko palepale.

Basi 7805 ya kweli naipa nyota tano. Duka, sifuri. Wakinirudishia pesa ya redio nitawapa moja. Hapana, lile neno alilonitupia mbele za watu silimezi. Sifuri.