Yeboyebo zisizo na matundu: miezi mitano ya zamu za usiku

Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Dodoma. Mwezi wa tatu nilinunua soko la Sabasaba yeboyebo nyeupe zinazofunika vidole, zisizo na tundu hata moja, zenye mkanda nyuma. Muuzaji alianzia elfu ishirini, tukamalizana kwa elfu kumi na nne.

Kilichonipeleka sokoni ni maumivu. Raba zangu za zamani zilikuwa za kitambaa. Damu ikidondoka inanywewa humo humo, halafu unarudi nayo nyumbani kwa watoto. Ikifika saa tisa usiku, majeruhi wa bodaboda wameshapokelewa, nyayo zinawaka moto. Kutoka kitanda cha mwisho hadi kwenye sinki ni hatua kama ishirini. Kuna usiku nilivua glovu nikavaa nyingine bila kunawa, kwa sababu miguu ilikataa kwenda. Glovu haiondoi kunawa, nawafundisha hivyo wanafunzi wetu, na bado nilifanya. Kuketi nako, kwetu, ni kuonekana mvivu. Hakuna aliyekukataza, ila macho yote yanakugeukia. Hili linaniuma kuliko miguu yenyewe.

Hizi ni nyepesi, soli nene, kisigino hakigongi sakafu. Siku hizi sinki nalifika. Dada mmoja wa zamu yetu, karibu anastaafu, alizijaribu dakika tano akaniuliza zinauzwa kibanda gani. Sasa tuko wanne.

Kuzisafisha si kazi. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, unazamisha dakika 10, unasuuza. Angalia soli: ina vijifereji vyembamba vinavyoshika damu iliyoganda, na kitambaa hakifiki humo. Mimi natumia mswaki mkuukuu. Zianike kivulini, jamani. Mwenzangu aliziacha kwenye jua la saa saba mchana, zikasinyaa hadi vidole vikakunjika.

Kasoro zipo. Sakafu ikilowa zinateleza. Niliwahi kuserereka nikadaka ukingo wa kitanda. Mkanda wa kushoto ulichomoka mwezi wa pili wa kuzivaa, ingawa muuzaji alinibadilishia pea nzima bila maneno. Miguu pia inatoka jasho, soksi za pamba ni lazima.

Ukienda kununua, nenda asubuhi ukitoka zamu, miguu ikiwa bado imevimba, ndipo uzijaribu.